Siku tisa kwenye barabara za waliogombea Makedonia, 317–272 KK

Katika miaka 45 hiyo, baada ya Alexander Mkuu kufa, ufalme wake wa nyumbani, Makedonia, ulipita mikononi mwa watu zaidi ya kumi. Cassander alikaa karibu miaka ishirini. Mwingine alikaa siku 45. Ukijaribu kuwafuata kwa mti wa ukoo utachoka mapema, kwa sababu karibu wote walioana wao kwa wao na majina yanajirudia. Njia bora ni kuwafuata kwa barabara. Ufalme huu haukuwa na mahakama ya kuamua mrithi. Waliokuwa na kauli ya mwisho ni Wamakedonia wenye mikuki, na mara nyingi walitoa kauli hiyo wakiwa kambini, kwa kuondoka kwa mmoja na kwenda kwa mwingine. Sehemu walizofanya hivyo zinajulikana, na nyingi zinafikika kwa basi la kawaida kaskazini mwa Ugiriki.

Mahitaji machache. Msafiri mwenye pasipoti ya nchi za Afrika Mashariki anahitaji viza ya Schengen, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Nenda Aprili na Mei, au mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Julai na Agosti joto linaweza kufika nyuzi 40, na magofu mengi hayana kivuli. Beba lita mbili za maji kila mtu, viatu vya kufunga na daftari. Hakikisha saa za kufunguliwa kwa kila eneo siku moja kabla, maana ratiba ya kiangazi na ya baridi hazifanani.

Siku ya 1. Thessaloniki

Huu ndio mji wa kulala siku kadhaa za safari. Cassander aliuanzisha yapata 315 KK kwa kukusanya wakazi wa vijiji na vimji 26 vya ghuba hii, akaupa jina la mkewe. Thessalonike alikuwa binti wa mfalme Philip wa Pili, dada wa Alexander Mkuu kwa baba. Cassander mwenyewe hakuwa na damu ya kifalme. Baba yake Antipater alikuwa kaimu aliyeachiwa Makedonia Alexander alipokwenda Asia. Ndoa ile ilikuwa hati yake ya kudai nyumba, na mji ukaitangaza ndoa hiyo kwa kila aliyefika bandarini.

Wanaosoma Biblia ya Kiswahili wataona majina wanayoyajua: Amfipoli, Thesalonike na Beroya zote zimo katika Matendo ya Mitume sura ya 17. Paulo alipita hapa zaidi ya miaka 300 baada ya watu tunaowafuata. Na hapo ndipo wageni wengi wanapotea: soko la kale lililo katikati ya mji na tao la Galerius ni vya enzi ya Kirumi. Usimtafute Cassander pale. Nenda Makumbusho ya Akiolojia, tenga saa tatu.

Popote utakapokuta sarafu za wafalme hawa, simama. Lysimachus, mtawala wa Thrace mashariki mwa Makedonia, aliweka uso wa Alexander mwenye pembe za kondoo dume za mungu Ammon: yeye alikuwa mlinzi na mwenzake wa vita, na anataka ulijue hilo. Demetrius, tutakayemkuta siku ya 4, aliweka uso wake mwenyewe, ukiwa na pembe ya fahali, na upande wa pili Poseidon, mungu wa bahari, kwa kuwa nguvu yake ilikuwa baharini. Mwanawe Antigonus Gonatas aliweka kichwa cha mungu Pan katikati ya ngao ya Kimakedonia. Kila sarafu ni dai, na ilikuwa inawekwa mkononi mwa askari siku ya mshahara.

Jioni, tengeneza daftari. Ukurasa mmoja kwa kila mtu, na mistari sita: baba, mama, ndoa, nani anamtambua, jeshi lake liko wapi, hazina yake iko wapi. Usiruke mstari wa mama na wa ndoa. Huko ndiko madai mengi yalikotokea. Mpe kila mmoja alama, kwa kuwa kuna Antipater watatu, Ptolemy watatu na Eurydice watatu katika simulizi hii. Kosa linaloharibu yote ni kumchanganya Antipater mzee, babaye Cassander, na Antipater mjukuu, mwana wa Cassander. Ukikosea hapo, kuanzia 297 KK hutaelewa nani anapigana na nani.

Siku ya 2. Pydna

Pydna ya kale iko karibu na kijiji cha Makrygialos, kama kilomita 50 kusini-magharibi, ufukweni. Mabaki yanayoonekana zaidi ni ya Bizanti, kwa hiyo thamani ya siku hii ni kuisoma ardhi: bahari mashariki, tambarare nyuma, na hakuna kilima cha kujificha. Ukisimama pale utaelewa kwa nini aliyefungiwa ndani hakuwa na pa kutokea isipokuwa majini.

Baada ya Alexander kufa Babeli mwaka 323 KK, wafalme walikuwa wawili kwa pamoja: Philip Arrhidaeus, ndugu yake ambaye akili yake haikutosha kutawala, na Alexander wa Nne, mtoto mchanga wa Roxane. Anayewashika wafalme ndiye anayetoa amri kwa jina lao. Mwaka 317 KK kaimu wa wakati huo, Polyperchon, alimrudisha Olympias, mama wa Alexander, kutoka Epirus, ufalme jirani wa magharibi. Eurydice, mke wa Arrhidaeus, alitoka na jeshi kumzuia. Askari wake walipomwona mama wa Alexander walihama bila kupigana. Olympias akamuua Arrhidaeus, kisha akampelekea Eurydice upanga, kitanzi na sumu achague. Alijinyonga kwa mshipi wake mwenyewe.

Cassander alikuwa mbali, ameuzingira mji wa Tegea kule Peloponnesos, kusini mwa Ugiriki. Hatua alizochukua zinastahili kuandikwa moja moja, maana ni somo zima la namna muungano unavyovunjwa. Waaetolia, watu wa Ugiriki ya kati, walikuwa wamemfungia njia nyembamba ya Thermopylae, kwa hiyo akakusanya mashua na vyelezo akavusha jeshi kwa maji hadi Thessaly. Kikosi kimoja kikaenda kumkabili Polyperchon. Badala ya kupigana, kikawanunua askari wake kwa fedha hadi akabaki na wachache. Kikosi cha pili kikakamata mapito ya milimani kabla Olympias hajayafunga. Cha tatu kikazuia njia za Epirus, ambako mfalme Aeacides alikuwa akija kumsaidia Olympias. Askari wake hawakutaka vita hiyo, wakaasi, na Waepirus wakamfukuza mfalme wao na kufanya urafiki na Cassander. Mwana wa Aeacides, mtoto wa miaka miwili, alikimbizwa mikononi hadi Illyria. Mpe ukurasa. Ni Pyrrhus.

Olympias akajifungia Pydna pamoja na Roxane, mtoto mfalme, Thessalonike, na Deidameia, dada wa Pyrrhus aliyekuwa ameposwa kwa mtoto mfalme. Walikuwapo watu wengi wa baraza wasioweza kupigana, farasi na tembo. Hilo ndilo kosa lililomwangamiza: aliingia na midomo mingi na ghala dogo, akitegemea msaada ambao Cassander alikwisha kuukata. Askari mmoja kwa kawaida alihesabiwa choinix moja (kipimo cha Kigiriki) ya nafaka kwa siku. Ndani ya Pydna wakapewa choinix tano kwa mwezi, yaani kama sehemu ya sita ya kawaida. Tembo walilishwa unga wa mbao zilizopigwa msumeno, wakafa. Farasi walichinjwa. Majira ya kuchipua ya 316 KK yalipofika, askari waliomba ruhusa ya kuondoka, naye akawaachia kwa kuwa hakuwa na cha kuwalisha. Cassander aliwapokea kwa upole na kuwatawanya katika miji mbalimbali, ili waeneze habari kwamba Olympias amekwisha. Olympias alijaribu kutoroka kwa merikebu ya vita. Habari zikavuja na chombo kikatekwa.

Akajisalimisha kwa ahadi ya kuachiwa uhai. Cassander alilipeleka shauri mbele ya mkutano wa Wamakedonia, wakamhukumu afe bila yeye kuwapo. Askari 200 waliotumwa kumuua walishindwa kunyanyua mikono walipomwona; jamaa za watu aliowaua ndio waliomaliza kazi. Kisha Cassander akamwoa Thessalonike na kuwazika Arrhidaeus na Eurydice huko Aegae (Vergina ya leo), penye makaburi ya wafalme, kwa heshima zote za kifalme, pamoja na michezo ya mazishi. Shika neno hilo la mazishi. Desturi ya Makedonia ilikuwa kwamba mrithi ndiye anayemzika mfalme aliyetangulia: anayezika, anadai.

Siku ya 3. Amphipolis

Kilomita kama 100 mashariki. Mabasi ya njia kuu hushusha njiani, si kijijini, kwa hiyo muulize dereva kabla ya kupanda na panga kutembea au teksi. Kuta za mji wa kale zina mzunguko wa kilomita kama saba na nusu. Angalia gofu la jengo la mazoezi ya vijana na nguzo za mbao za daraja la kale la mto Strymon, ambazo udongo wenye maji umezihifadhi hadi leo.

Hapa ndipo Cassander alipomfungia Roxane na mwanawe. Aliamuru mtoto aondolewe vijana waliomhudumia kifalme na alelewe kama mtu wa kawaida. Mwaka 311 KK majenerali walipatana: Cassander asimamie Ulaya hadi Alexander wa Nne atakapokuwa mtu mzima. Mkataba huo ulikuwa hukumu ya kifo, kwa sababu uliweka siku ya mwisho ya madaraka ya Cassander. Yapata 310 KK mama na mwana waliuawa kwa siri. Mwaka uliofuata Polyperchon, yule kaimu wa zamani, alimleta Heracles, aliyesemekana kuwa mwana wa Alexander kwa Barsine. Cassander alimwendea kwa ahadi ya cheo na mali, na Polyperchon akamuua kijana aliyekuwa amemleta mwenyewe.

Kuhusu kaburi la Kasta, lililofukuliwa 2012 hadi 2014: ukuta wake wa mviringo una mita 497, na ndani kulikuwa na mabaki ya watu watano, akiwamo mwanamke mzee na mtoto mchanga. Atakayekuambia kwa uhakika kwamba ni la Olympias au Roxane, usimwandike kwenye daftari. Uliza makumbusho ya Amphipolis kama linaruhusu wageni. Simba mkubwa wa mawe aliye kando ya barabara, ng'ambo ya mto, huonekana bila tiketi.

Siku ya 4. Dion hadi Larissa

Dion iko chini ya mlima Olympus, karibu na Katerini. Ardhi yake ina maji mengi na baadhi ya magofu yako ndani ya maji, kwa hiyo vaa suruali ndefu. Mbu hawana huruma kuanzia alasiri. Hapa ndipo wafalme walipomtolea Zeus sadaka, na hapa zilisimama sanamu 25 za shaba za wapanda farasi waliokufa katika vita vya Alexander vya mto Granicus, kazi ya mchongaji Lysippos, hadi Warumi walipozichukua mwaka 148 KK.

Cassander alikufa 297 KK. Mwanawe mkubwa Philip alifariki baada ya miezi michache. Wakabaki wawili, Antipater na Alexander, na mama yao Thessalonike. Antipater alimuua mama yake kwa kudai anampendelea mdogo. Alexander akaita msaada kutoka pande mbili kwa wakati mmoja: Pyrrhus wa Epirus na Demetrius, mwana wa Antigonus Jicho-Moja, jenerali wa Alexander Mkuu aliyewahi kuitawala Asia. Kosa lilikuwa hapo. Pyrrhus alifika kwanza na kudai malipo kabla ya kazi: Ambracia, Acarnania, Amphilochia na majimbo ya mpakani. Akapewa, akampunguzia Antipater nguvu, akaondoka. Demetrius akafika akiwa amechelewa, na mwenye shida hakumhitaji tena.

Alexander alimpokea hapa Dion kwa heshima na kumweleza kwamba mambo yamekwisha. Mtu mwenye jeshi lililokwisha kusafiri harudi mikono mitupu. Wakashuka pamoja kusini hadi Larissa, kila mmoja akimwalika mwenzake chakula na kila mmoja akiwa na mpango. Mezani Demetrius alinyanyuka ghafla; Alexander akaingiwa na hofu, akamfuata. Mlangoni Demetrius aliwaambia walinzi wake wamuue anayemfuata nyuma. Ilikuwa 294 KK. Mmoja wa wenzake Alexander, akiuawa, alisema Demetrius amewawahi kwa siku moja tu.

Kesho yake askari wa Alexander walitarajia kuchinjwa. Demetrius aliomba kujieleza, na hoja zake ni mbili za kuandikwa: nyumba ya Cassander ilimwaga damu ya Alexander Mkuu, na mkewe Phila ni binti wa Antipater mzee, na ana mwana mtu mzima. Wakamtangaza mfalme palepale. Tazama ajabu ya jambo hili: damu ya Antipater ndiyo iliyomfungulia mlango aliyetoka kumuua mjukuu wa Antipater.

Larissa ya leo ni mji wa shughuli nyingi. Ukumbi wa kale wa maigizo ulio katikati ni wa karne ya 3 KK, baada ya mauaji yale. Lala hapa.

Siku ya 5. Demetrias

Volos ni kama kilomita 60. Chukua basi, reli ya Larissa hadi Volos iliharibiwa na mafuriko ya Septemba 2023, kwa hiyo usiitegemee bila kuuliza. Magofu yako kilomita chache kusini mwa Volos, kwenye rasi: ukumbi wa maigizo, msingi wa jumba la kifalme, vipande vya ukuta.

Demetrius aliujenga kwa kuunganisha miji midogo ya Magnesia. Alichokuwa anakitafuta ni bandari yenye ngome inayotazama kusini, ili Makedonia ikimponyoka abaki na mahali pa merikebu. Hesabu ilikuwa sahihi. Alipokufa mwaka 283 KK akiwa mfungwa wa Seleucus, jenerali mwingine wa Alexander Mkuu aliyetawala Asia, Gonatas alikwenda na meli zake zote kuyapokea majivu ndani ya chombo cha dhahabu, akayapitisha Korintho ili watu waone, kisha akayazika hapa. Wakati huo Gonatas hakuwa na Makedonia hata shubiri, lakini alikuwa na mazishi.

Malizia Makumbusho ya Athanasakeion mjini Volos, kutazama mawe ya makaburi yaliyochorwa kwa rangi. Yalihifadhika kwa sababu watu wa Demetrias waliyatumia kujazia ukuta wa mnara.

Siku ya 6. Veria

Safari ya kurudi kaskazini inakula nusu ya siku. Veria ndiyo Beroea, au Beroya. Mjini hakuna cha kukuonyesha siku ile ya 288 KK, lakini ndiyo siku muhimu kuliko zote katika safari hii.

Demetrius alikuwa anajiandaa kuirudisha Asia ya baba yake. Plutarch, mwandishi wa kale, anataja askari wa miguu 98,000, wapanda farasi 12,000 na merikebu 500 zikiundwa Piraeus, Korintho, Chalcis na Pella. Hata ukipunguza hesabu hizo, ziliwatosha Seleucus, Ptolemy wa Misri na Lysimachus kuungana. Walimwandikia Pyrrhus avunje mkataba aliokuwa nao na Demetrius. Undugu wa ndoa uliokuwa kati yao ulikwisha kufa: Deidameia, yule binti wa Pydna, alikuwa ameolewa na Demetrius na kufariki, naye Lanassa, mke wa Pyrrhus, alikuwa amemwacha mumewe na kumpelekea Demetrius kisiwa cha Corcyra.

Ptolemy akaja kwa bahari, Lysimachus akaingia kutoka Thrace, Pyrrhus kutoka magharibi akaishika Beroea. Demetrius alikuwa anaelekea kwa Lysimachus, akageuka. Alihofu kwamba askari wake wangemhamia Lysimachus, Mmakedonia mwenzao aliyepigana pamoja na Alexander. Akaona heri awapeleke kwa Pyrrhus, mgeni. Hapo alipima vibaya. Askari walikuwa wamechoshwa na mfalme wa mapambo asiyetaka kusikiliza watu; inasimuliwa kwamba alipokea maombi ya maandishi, akayatupa yote mtoni kutoka kwenye daraja la Axios. Pyrrhus walimwona kila siku mstari wa mbele. Watu wa Beroea walipotoka kuingia kambini walimsifu mchana kweupe. Pyrrhus alikuwa amevua kofia yake ya chuma. Alipoivaa tena, askari wakamtambua kwa shungi na pembe za mbuzi. Wakamkimbilia kumwomba neno la siri la siku hiyo, wengine wakajivika majani ya mwaloni kama watu wake. Demetrius alivua vazi la kifalme, akavaa joho jeusi, akatoroka hadi Kassandreia. Huko Phila, aliyevumilia mengi, alikunywa sumu.

Siku ya 7. Edessa na Pella

Anza Edessa asubuhi. Watu huja kwa ajili ya maporomoko ya maji. Ukishuka chini yake utaukuta mji wa kale, eneo la Longos. Lysimachus na Pyrrhus walikuwa wamegawana Makedonia. Yapata 285 KK, Demetrius alipokwisha kutekwa Asia, Lysimachus hakumhitaji tena mwenzake. Hakupigana naye. Alikata misafara ya chakula iliyokuwa inaelekea kambi ya Pyrrhus hapa Edessa, kisha akawaandikia wakuu wa Wamakedonia kuwaaibisha: vipi wamtumikie mtu ambaye mababu zake waliwatumikia wao? Pyrrhus aliondoka na Waepirus wake kwa njia ileile aliyojia. Antipater mjukuu, aliyekuwa amekimbilia kwa Lysimachus na kumwoa binti yake, alikuwa amekwisha kuuawa na baba mkwe wake.

Pella iko kama kilomita 50 mashariki. Tenga saa tatu: soko la kale la kama hekta saba, nyumba zenye mosaiki za kokoto, na makumbusho. Mosaiki ya uwindaji wa paa ina sahihi ya fundi wake, Gnosis. Usishangae kwamba bahari iko mbali. Zamani meli zilifika karibu na mji huu, na matope ya mito ndiyo yaliyoisukuma bahari. Bila kujua hilo, habari ya merikebu kuundwa Pella haieleweki. Lala Thessaloniki.

Siku ya 8. Kassandreia

Mabasi ya Chalkidiki hayaondoki kituo kikuu cha Thessaloniki; yana kituo chake mashariki mwa mji. Wengi hupoteza asubuhi kwa kutojua hili. Shuka Nea Potidaia, penye mfereji unaoikata shingo ya rasi. Tembea kando ya mfereji utafute mabaki ya ukuta. Cassander aliujenga mji huu 316 KK juu ya Potidaea, akawaweka na Waolynthos waliosalia baada ya Philip kuubomoa mji wao. Anayeishika shingo hii anaishika rasi nzima na ghala lake.

Mwaka 281 KK Lysimachus aliuawa akipigana na Seleucus huko Corupedium, baada ya kumuua mwanawe mwenyewe Agathocles. Seleucus akavuka kuja kuichukua Makedonia, nyumbani alikozaliwa. Karibu na Lysimachia, mji wa Thrace, akachomwa kisu na mgeni ambaye yeye Seleucus alikuwa amempa hifadhi: Ptolemy Keraunos, mwana wa Ptolemy wa Misri aliyenyimwa urithi. Jeshi la Seleucus likamkubali muuaji.

Kassandreia ilikuwa mikononi mwa Arsinoe, mjane wa Lysimachus na dada wa Keraunos kwa baba. Wanawe walikuwa na dai bora kuliko la mjomba wao. Keraunos alimposa, akala kiapo hekaluni kwamba atawafanya watoto wake mwenyewe. Mwana mkubwa, Ptolemy, alikataa kuamini akakimbia. Milango ikafunguliwa kwa harusi. Askari wakaenda moja kwa moja ngomeni, na Lysimachus wa miaka 16 na Philip wa miaka 13 wakauawa mikononi mwa mama yao. Arsinoe alifukuzwa pamoja na watumwa wawili hadi kisiwa cha Samothrace. Baadaye akawa malkia wa Misri.

Keraunos hakudumu. Wagala, makabila ya Waselti, waliposhuka kutoka kaskazini, majirani Wadardania walijitolea kumpa askari 20,000, akakataa kwa dharau. Alishindwa na kuuawa 279 KK, kichwa chake kikapitishwa juu ya mkuki. Ndugu yake Meleager alikaa miezi miwili. Antipater wa tatu, mpwa wa Cassander, alikaa siku 45, akaitwa Etesias kwa jina la pepo za kiangazi zinazovuma muda kama huo. Sosthenes, jenerali aliyewarudisha nyuma Wagala, alipewa ufalme akakataa. Alitaka askari wamwapie kama jemadari tu. Ni yeye peke yake katika orodha yote aliyekataa, na anastahili ukurasa mzima.

Gonatas aliingia kwa mlango ambao wengine walishindwa: aliwashinda Wagala karibu na Lysimachia mwaka 277 KK. Alikwisha kupatana na Antiochus, mwana wa Seleucus, na kuoa katika nyumba hiyo. Ikabaki Kassandreia chini ya Apollodorus, mtawala katili aliyekodi Wagala. Miezi kumi ya kuizingira haikufaa kitu. Gonatas akajifanya kuondoka, akamwachia kazi Ameinias, mkuu wa maharamia kutoka Phocis. Ameinias alifanya urafiki na Apollodorus, akampelekea chakula na divai, na kuahidi kumpatanisha. Ulinzi ukalegea. Akatengeneza ngazi za kimo cha ukuta na kuficha askari 2,000. Alfajiri Waaetolia kumi wakaweka ngazi kati ya minara miwili na kutoa ishara, na mji ukatekwa.

Siku ya 9. Vergina

Iko kilomita 12 tu kutoka Veria, na mwenye haraka angeimaliza siku ya sita. Tumeiweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu hapa Aegae ndipo madai yote yalipozikwa. Basi hadi Veria, kisha la kijijini. Andika saa ya basi la mwisho kabla ya kuingia. Anza na jumba la kifalme, lililofunguliwa tena Januari 2024, la kama mita za mraba 15,000, kisha ukumbi wa maigizo alikouawa Philip wa Pili mwaka 336 KK. Makaburi yaliyo chini ya tuta uyaache baada ya saa sita mchana; ndani kuna baridi na giza, jua likiwa kali nje.

Pyrrhus alirudi kutoka Italia 274 KK akiwa na askari wa miguu 8,000, wapanda farasi 500, na bila fedha ya kuwalipa. Akaivamia Makedonia kutafuta ngawira. Wagala wa Gonatas walipigana hadi wakaisha. Wamakedonia wake, Pyrrhus aliwanyooshea mkono na kuwaita maofisa kwa majina, nao wakahama. Gonatas akabaki na Thessaloniki na miji ya pwani. Pyrrhus aliacha Wagala wake walinde Aegae. Wakafukua makaburi ya wafalme, wakachukua hazina na kutawanya mifupa. Pyrrhus hakuwaadhibu. Kwa watu wanaopima mfalme kwa namna anavyowaheshimu waliozikwa, hilo lilimgharimu.

Mwanaakiolojia Manolis Andronikos alipolichimba tuta kubwa mwaka 1977, lenye kipenyo cha mita 110, alikuta ndani ya kifusi mawe mengi ya makaburi yaliyovunjwa. Maelezo yake ni kwamba makaburi yaliharibiwa na Wagala, na tuta liliinuliwa baadaye kuyafunika yaliyosalia, pengine na Gonatas. Kaburi la pili, lenye sanduku la dhahabu la nyota ya miale 16, wengi husema ni la Philip wa Pili. Wengine wanasema ni Arrhidaeus na Eurydice, waliozikwa na Cassander. La tatu, la kijana, kwa kawaida huhesabiwa kuwa la Alexander wa Nne. Simama mbele ya kila mlango na daftari lako wazi kwenye mstari mmoja: nani alimzika, na alipata nini kwa kumzika.

Pyrrhus aliuawa Argos 272 KK. Mwana wa Gonatas alimletea baba yake kichwa chake. Gonatas alimpiga na kumwita mshenzi, akauchoma mwili wa Pyrrhus kwa heshima, na kumrudisha Helenus, mwana wa Pyrrhus, Epirus salama. Miaka kama kumi baadaye Alexander, ndugu wa Helenus, aliivamia Makedonia Gonatas akiwa vitani na Athene. Askari wa Gonatas walimhamia Alexander, na ufalme ukaponyoka tena, hadi Demetrius kijana, mwana wa Gonatas, alipokusanya jeshi jingine na kuurudisha.